Aliyejeruhiwa Hana Kabila
Hotuba kwa familia zilizohama makwao na viongozi wao, mwishoni mwa mafunzo ya vikundi vya uokoaji, Kisangani

  Tunajua wengi wenu mlitoka asubuhi kutafuta makala, maji na chakula cha watoto, na siku ya mtu aliyehama kwake ni fupi.

Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja: nani anamsaidia mtu aliyeumia kabla mganga hajafika? Hilo ni jambo la afya, lakini kwetu hapa Tshopo ni jambo la amani pia. Tutaeleza kwa nini.

Mji wetu unajua jambo hili

Ndugu zetu, Kisangani haikuanza leo kuona majeruhi wengi kwa siku moja. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema kwamba raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000. Nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa. Wazee waliomo humu wanakumbuka siku hizo sita. Mabomu yakianguka, gari la wagonjwa halipiti. Aliye karibu ndiye msaada.

Tarehe 8 Julai 2011, ndege ya kampuni ya Hewa Bora ilianguka ikijaribu kutua kwenye uwanja wa Bangoka wakati wa mvua kubwa. Ndani yake walikuwamo watu 118, na zaidi ya 70 walikufa. Siku ile hakukuwa na vita, lakini swali lilikuwa lilelile: ni nani aliye karibu, naye anajua kufanya nini?

Tangu Februari 2023 tumeona mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, yaliyoanza kwa ugomvi wa ardhi ya mashamba huko Lubunga na Ubundu. Nyumba zilichomwa, watu walikatwa kwa mapanga na kupigwa mishale, na maelfu ya familia zilivuka mto kuja ng'ambo hii. Baadhi yenu mliomo humu mlibeba watoto mgongoni na wagonjwa juu ya kipoyi katika njia ile. Hatuhitaji kuwaeleza maana ya kuchelewa.

Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka 1998 hadi 2003. Haki ni jambo kubwa, nasi tunaitaka. Lakini uamuzi ule ulikuja miaka 22 baada ya vita vya siku sita. Mtu anayetoka damu nyingi hawezi kungoja hata saa moja. Kwa hiyo tunafanya kazi mbili pamoja: kudai haki, na kuokoa uhai leo.

Dakika za kwanza ni zenu

Watu wengi husema, "Sisi si waganga, tutafanya nini?" Ni kweli, kikundi cha uokoaji si hospitali. Hakichomi sindano, hakishoni jeraha, hakiuzi dawa. Kazi yake ni nne tu: kuangalia kama mahali ni salama, kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, kuita msaada, na kumfikisha mgonjwa kwa wenye ujuzi. Tuwakumbushe yale makubwa tuliyojifunza, ili ninyi wazazi na viongozi mjue vijana wenu watafanya nini, nanyi msiwazuie.

Damu nyingi. Mtu anaweza kufa kwa kutoka damu katika dakika chache. Vaa glavu, na kama hakuna, funika mikono yako kwa mfuko wa plastiki safi. Chukua kikwembe safi, kikunje, kiweke juu ya jeraha na kukandamiza kwa nguvu bila kuachia. Usifunue kila mara kuangalia. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake na uendelee kukandamiza. Usiweke majivu, udongo wala kahawa. Kamba ya kubana mkono au mguu ni kwa yule aliyefundishwa tu, tena pale ambapo kukandamiza kumeshindwa. Naye aandike saa aliyofunga.

Mshale au kisu kilichobaki mwilini. Msikichomoe. Mara nyingi kitu hicho ndicho kinachoziba mshipa uliokatika. Wekeni vitambaa pande zote mbili ili kisitikisike, kisha mpelekeni mgonjwa hivyo hivyo.

Kuungua. Katika kambi zetu mbabula inakaa karibu na shitingi, na watoto wanacheza hapo hapo. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, yanayotiririka, kwa dakika 20. Toeni pete na nguo ambazo hazijagandamana na ngozi. Dawa ya meno, mafuta ya mawese na yai havitibu. Vinaongeza uchafu katika jeraha.

Aliyezama majini. Sisi ni watu wa mto, na vijana wengi wanajua kuogelea. Lakini anayezama humshika mwokozi kwa nguvu nao wakazama wote wawili. Kwanza mnyoshee kafi au mti mrefu; ukishindwa, mtupie kamba au kibidoni kitupu kilichofungwa; ukishindwa, mfuate kwa mtumbwi. Kuruka majini ni jambo la mwisho. Akitolewa, msimwinue miguu juu wala kumkandamiza tumbo ili atapike maji. Mnapoteza muda. Kama hapumui, anahitaji hewa: mpulizieni pumzi 5 kwanza, halafu mikandamizo 30 ya kifua na pumzi 2, mkiendelea hivyo kama mlivyofundishwa.

Hapa tuseme neno kwa wenye mitumbwi na baleniere. Mwezi wa Aprili 2025, karibu na Mbandaka, boti iitwayo HB Kongolo iliwaka moto baada ya moto wa kupikia kushika chombo, na watu zaidi ya 140 walikufa. Kupika ndani ya boti ya mbao, kupakia kupita kiasi na kusafiri usiku bila taa ni mambo matatu ambayo kikundi chochote cha uokoaji hakiwezi kuyashinda. Hayo yanazuiwa bandarini, kabla ya safari.

Kuhara kama maji. Kipindupindu kimefika Tshopo mwaka 2025, na katika kambi kinakimbia upesi. Aliyeshikwa anaweza kufa kwa kukauka maji katika saa chache. Mpeni kinywaji cha chumvi na sukari mara moja, hata njiani: litre moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe na mlima juu. Anywe kidogo kidogo. Mama asiache kunyonyesha. Na kila anayemshika mgonjwa anawe mikono kwa sabuni.

Mtoto mwenye degedege. Msimtie kijiko mdomoni, wala msimpeleke kwanza mahali pengine kutafuta nani amemloga. Mlazeni ubavu, toeni vitu vigumu karibu naye, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni malaria kali, nayo inatibika.

Mama mjamzito. Akitoka damu, akipatwa na degedege, au uchungu ukizidi muda wa saa 12 bila mtoto kuzaliwa, huyo ni mgonjwa wa haraka kama yule aliyekatwa kwa panga. Msimngojee mume arudi ndipo atoe ruhusa. Tunawaomba akina baba walio hapa mkubaliane na wake zenu leo, mimba ikiwa bado ndogo.

Aliyebakwa. Tunalisema kwa sauti ya chini lakini tunalisema. Mama, dada au kijana aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifanyi kazi baada ya hapo. Hata kama saa hizo zimepita, aende. Kuna matibabu mengine. Mwanakikundi asimuulize alikuwa wapi wala alivaa nini. Jina lake halitajwi kambini, hata kwa mkubwa wa kambi.

Mto uko katikati

Mnajua kwamba komini ya Lubunga iko peke yake ng'ambo ya kushoto, na komini nyingine tano ziko upande huu. Hakuna daraja juu ya mto Kongo hapa kwetu. Reli ya zamani ya kilometa 125 kwenda Ubundu inaanzia ng'ambo ile, nayo barabara ya Ubundu na ya Opala pia. Basi, aliyejeruhiwa kijijini hubebwa kwanza kwa kipoyi, halafu kwa toleka au pikipiki, halafu kwa mtumbwi, ndipo aonane na gari. Katika kila badiliko, mtu mmoja anaomba pesa, na familia iliyokimbia haina franki.

Kwa hiyo, katika mafunzo tulitumia siku nzima kuhesabu njia tu. Kila kikundi kiliandika: kipoyi kinakaa nyumba ya nani? Nani ana pikipiki na atakubali kuamshwa saa nane ya usiku? Mwenye mtumbwi ni yupi, na tumekubaliana naye bei gani kabla ya hatari? Simu ya kituo cha afya ni ipi, na simu ya nani ina chaji? Mgonjwa akifika ng'ambo hii, nani anampokea ufukoni?

Maswali haya yanaonekana madogo. Lakini tumeona kwamba mahali ambapo yamejibiwa mapema, watu hawabishani wakati mgonjwa analia. Tunashauri kila kambi na kila mtaa uwe na kisanduku cha njia. Kila familia iweke kidogo kila juma, hata franki chache, na vitunzwe na mama wawili wasiotoka nyumba moja, wakisoma hesabu mbele ya wote kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Swali la mama mmoja

Siku ya tatu ya mafunzo, tulipokuwa tukifundisha kufunga jeraha, mama mmoja aliyekimbia nyumba yake iliyochomwa alisimama akauliza hivi: "Nikimfunga jeraha mtu wa upande uliochoma nyumba yangu, nani atanilinda mbele ya watu wangu wenyewe?"

Chumba kilinyamaza. Hakuuliza kama ni vema kumsaidia adui. Hilo alilijua, na dini zetu zote zinalifundisha. Aliuliza juu ya jioni ile baada ya kusaidia, atakaporudi kambini na majirani wakamwita msaliti. Swali hilo ni la haki, na tunaomba lijibiwe hapa leo, tena si na sisi watu wa mashirika. Sisi tutarudi ofisini. Mama huyu atabaki nanyi.

Tunaweza kuwaeleza tu yale yaliyofanyika kwingine. Tarehe 24 Juni 1859, huko Solferino katika nchi ya Italia, majeshi makubwa yalipigana siku moja, na maelfu ya majeruhi wakaachwa bila mganga. Mfanyabiashara mmoja wa Uswisi, Henry Dunant, alipita hapo kwa shughuli zake. Akakusanya wanawake wa mji wa karibu, Castiglione, wakawapa majeruhi maji na kuwafunga majeraha bila kuuliza ni askari wa upande gani. Wanawake wale walisema kwamba wote ni ndugu. Kutoka katika kazi ile ulizaliwa Msalaba Mwekundu, ambao hata leo wajitolea wake mnawaona katika mitaa yetu. Angalieni: hawakuwa waganga, na vita havikuwa vyao. Walikuwa majirani wa mahali vita vilipopita.

Lakini kwetu jambo ni gumu zaidi, na hatutaki kulificha. Wanawake wa Castiglione hawakuchomewa nyumba na wale waliowafunga majeraha. Ninyi mmechomewa. Kwa sababu hiyo hatuwaambii, "Sahauni." Kumfunga mtu jeraha si kusema kwamba hana kosa. Akiwa na kosa, mahakama ipo, naye atafika mbele ya hakimu akiwa hai. Aliyekufa njiani hasemi ukweli wowote, hataji aliyemtuma, na watoto wake wanakua wakitafuta kisasi. Tumeona mara nyingi kwamba kifo kimoja kisichosaidiwa kinaleta mazishi, mazishi yanaleta hasira, na hasira inaleta moto mwingine kijijini.

Tunayoomba kwa viongozi

Wakubwa wetu, tunawaomba mambo matano. Si mengi, na hayahitaji pesa nyingi.

La kwanza: semeni hadharani, kila mmoja mbele ya watu wake na kwa lugha yao, kwamba mwanakikundi anayemsaidia majeruhi yeyote anafanya kazi mliyomtuma ninyi. Hilo ndilo jibu la mama yule. Msiseme siku ya hatari. Semeni sasa, kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa kambi, na mrudie.

La pili: vikundi viwe vya mchanganyiko. Awemo Mmbole na Mlengola pale inapowezekana, wawemo wenyeji wa mtaa na waliohamia, wawemo wanawake na wanaume. Wawepo wanaosema Kiswahili na Lingala, na wanaojua Kimbole na Kilengola, maana aliyeumia hulia kwa lugha ya mama yake. Kambi nyingine zilitaka kikundi cha watu wao tu. Tunaelewa hofu yao. Lakini kikundi cha kabila moja kitazuiwa barabarani, na mwisho wake kitaonwa kama jeshi.

La tatu: mwanakikundi asibebe panga, bunduki wala upinde, na mgonjwa hapandi kipoyi na silaha yake. Silaha inabaki pale pale alipoangukia. Mtu akivaa alama ya uokoaji huku ana panga kiunoni, amewahatarisha wenzake wote.

La nne: msiwafanye vijana hawa wapelelezi. Msiwaulize, "Nani aliumia upande ule? Walikuwa wangapi? Walipita njia gani?" Kikundi kikileta habari kwa upande mmoja mara moja tu, hakitaruhusiwa tena kuvuka, na mgonjwa atakayekosa kubebwa anaweza kuwa mtoto wako.

La tano: mazoezi yasikome. Mikono inasahau upesi. Tunaomba kila kikundi kifanye zoezi mara moja kwa mwezi, na viongozi mje kutazama. Sanduku lao la vifaa likaguliwe: glavu, vitambaa safi, sabuni, tochi, mikasi, kipoyi, pakiti za chumvi ya kuhara. Kitu kikitumika kiandikwe na kirudishwe.

Kwa familia zote

Akina mama na akina baba, msifikiri kwamba kikundi kimechukua kazi yenu yote. Wao ni wachache, na huenda siku hiyo wako mbali. Kila nyumba ijue angalau mambo matatu: kukandamiza jeraha, kumlaza ubavu mtu aliyezimia lakini anapumua, na kutengeneza kinywaji cha chumvi na sukari. Waulizeni vijana hawa wawafundishe jioni, baada ya chakula. Watoto wa miaka 10 wanaweza kujifunza hayo.

Nanyi vijana, msijivune. Mtakutana na siku ambayo mmefanya yote sawasawa na mgonjwa amekufa. Siku hiyo msikae kila mtu peke yake. Kutaneni, mweleze mkubwa wenu, mwombe pamoja na pumzikeni kabla ya kurudi kazini. Moyo wa mwokozi nao huumia, na kuusema uchungu huo si aibu.

Kabla hatujaondoka, tumeacha karatasi moja mezani, nayo ina nafasi ya majina ya mashefu, wakubwa wa kambi na viongozi wa dini watakaokubali mambo yale matano. Hatutaisaini sisi. Tunamwomba mama aliyeuliza swali aisomee mbele yenu, na kila kiongozi ajibu kwa kinywa chake mwenyewe, watu wakisikia. Kisha nakala moja ibaki kambini, nyingine ivuke mto hadi Lubunga.

 Amani iwe katika nyumba zenu, zile mlizo nazo leo na zile mtakazorudia.